Picha Isiyosomwa Haimponyi Mgonjwa

Hakuna mwananchi asiyefurahi asikiapo kwamba hospitali ya wilaya yake imepata mashine mpya ya eksirei au ya altrasaundi. Siku ya kuizindua ngoma hupigwa, utepe hukatwa, viongozi hutoa hotuba na wazee hushukuru. Furaha hiyo ni ya haki, nasi twashiriki. Lakini furaha ya siku moja isitusahaulishe swali ambalo kwetu ni kubwa kuliko utepe na ngoma: wageni wakiisha kuondoka, nani ataiwasha mashine ile kesho asubuhi, nani ataisoma picha yake, na mgonjwa atapata nini kutokana na picha hiyo?

Hatuulizi hivyo kwa kubeza juhudi za mtu yeyote. Twauliza kwa sababu twajua kwamba mashine ni chombo tu, na huduma ni kazi ya watu. Jembe lililotundikwa ukutani halilimi shamba. Kadhalika mashine iliyofungwa chumbani, hata ikiwa imenunuliwa kwa mamilioni, haiungi mfupa wala haiokoi mama mjamzito.

Kwanza yafaa tukumbushane faida ya picha hizi. Daktari ana macho, masikio na mikono, na kwa viungo hivyo hutambua mengi. Lakini ngozi ya mwanadamu ni pazia. Mpagazi aliyeanguka na gunia begani huenda ameteguka tu, huenda amevunjika. Kwa nje uvimbe ni ule ule na maumivu ni yale yale. Mtu anayekohoa huenda ana mafua ya kupita, huenda mapafu yake yameanza kuliwa na kifua kikuu. Eksirei hulifunua pazia hilo. Mionzi yake hupenya mwilini, mfupa huizuia zaidi kuliko nyama, na mapafu yaliyojaa hewa huiachia ipite kwa wepesi. Basi tofauti hizo ndizo huandika picha ya weupe na weusi ambayo mjuzi huisoma kama sisi tusomavyo gazeti.

Altrasaundi ni jambo jingine. Yenyewe haitumii mionzi, bali sauti kali mno ambayo sikio la mtu haliwezi kuisikia. Sauti hiyo huingia mwilini, hugonga viungo na kurudi kama mwangwi, na mashine huugeuza mwangwi kuwa picha. Kwa njia hiyo mkunga na daktari huweza kujua umri wa mimba, kuwapo kwa mapacha, mimba iliyotunga nje ya kizazi, au kondo la nyuma lililokaa chini na kuziba njia ya mtoto. Mambo hayo yakijulikana mapema, mama hupelekwa mapema panapofanyika upasuaji. Yakijulikana usiku wa uchungu, katika kijiji kisicho na gari, huwa msiba. Ndiyo maana mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba kila mama mjamzito apimwe altrasaundi walau mara moja kabla mimba haijatimiza wiki 24.

Wako wanaodhani kwamba vyombo hivi ni anasa ya mataifa tajiri, nasi tukipewa hatuna budi kupokea kwa kupiga magoti. Fikira hiyo haina msingi. Wilhelm Röntgen, Mjerumani aliyegundua mionzi ya eksirei mjini Würzburg tarehe 8 Novemba 1895, alikataa kuimiliki kwa hataza ili imtajirishe. Aliona kwamba jambo hilo ni mali ya wanadamu wote. Altrasaundi ya wajawazito nayo ilizaliwa karibu kabisa na wafanyakazi wa viwandani. Mwaka 1955 daktari Ian Donald wa Glasgow alichukua uvimbe uliotolewa katika miili ya wagonjwa, akaupeleka kwenye kiwanda cha kutengeneza boila. Huko mafundi walikuwa na chombo cha sauti cha kutafuta nyufa ndani ya chuma. Chombo kile kilichotafuta nyufa za chuma ndicho kilichofungua njia ya kumwona mtoto tumboni, na mwaka 1958 Donald na wenzake, akiwamo mhandisi Tom Brown, wakaitangazia dunia kazi yao.

Nayo mashine ya CT, ipigayo picha za mwili vipande vipande kama mtu akataye mkate, ina mzizi mmoja katika Afrika. Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, alianza kuitafutia hesabu zake mwaka 1956 alipokuwa akifanya kazi katika hospitali ya Groote Schuur, Cape Town. Alipoziandika mwaka 1963 na 1964 ni wachache waliomsikiliza. Baadaye Godfrey Hounsfield wa Uingereza, bila kuijua kazi ya Cormack, akaitengeneza mashine yenyewe, na mgonjwa wa kwanza akapigwa picha ya kichwa London mwaka 1971. Mwaka 1979 wawili hao waligawana Tuzo ya Nobel. Usione vyaelea, vimeundwa. Na waundaji walikuwa watu wa nchi nyingi.

Hata hivyo historia hiyo ina upande mchungu ambao yatupasa kuukumbuka. Miaka mitatu tu baada ya ugunduzi wa Röntgen, mashine ya eksirei ilikuwa tayari imefika ukingoni mwa mto Nile. Mwaka 1898 jeshi la Uingereza lililokwenda kuiteka Sudani lilikuwa nayo Abadieh, jangwani, na kwa kukosa umeme askari walipanda baiskeli ya watu wawili na kuiendesha pasipo kwenda mahali ili kuzungusha dainamo. Kwa picha zile risasi zilizozama katika miili ya askari wao zilionekana. Hapa pana mafunzo mawili. La kwanza, elimu iliyo mali ya wanadamu wote yaweza kuletwa katika nchi ya watu na isiwahudumie wenye nchi. La pili, waliotaka kazi ifanyike hawakuiacha ilale kwa kuwa hapakuwa na umeme. Penye nia pana njia, hata kama njia hiyo ni ya baiskeli.

Sasa tutazame hapa kwetu Tanzania. Tanganyika ilipojitawala mwaka 1961 Watanganyika waliokuwa madaktari walikuwa 12 tu. Tangu hapo zahanati, vituo vya afya na hospitali zimejengwa, na vyuo vimefundisha maelfu ya watumishi. Mwaka 2021 serikali ilipata mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa kwa ajili ya kupambana na UVIKO-19 na athari zake, na sehemu ya fedha hizo ikanunua mashine za CT kwa hospitali za rufaa za mikoa. Hapo kale mgonjwa wa ajali aliyehitaji kipimo hicho alisafirishwa hadi miji mikubwa, na wengine walifia njiani. Hiyo ni hatua kubwa, na mwenye macho haambiwi tazama.

Lakini mkopo ni deni, na deni hilo litalipwa kwa jasho la mkulima wa pamba, la mvuvi na la mfanyakazi wa kiwanda. Kwa hiyo wenye mali ni wao, na wana haki ya kuuliza mali yao yafanya kazi gani. Tena mkulima huyo haanzii hospitali ya mkoa. Yeye huanzia zahanati, akapanda kituo cha afya, akafika hospitali ya wilaya. Hapo ndipo mfupa wake huangaliwa kwanza, na hapo ndipo mkewe huletwa uchungu ukikataa. Mtu wa Ukerewe akiandikiwa kipimo Mwanza hana budi kuvuka ziwa. Wa Mafia akiandikiwa Dar es Salaam hana budi kuvuka bahari. Nauli ni yake, chakula ni chake, na ndugu wa kumsindikiza huacha kazi. Kipimo kilicho mbali ni ghali hata kikitolewa bure.

Wala wingi wa maradhi hauhitaji mashine za ajabu. Mwaka 2012 Shirika la Afya la nchi za Amerika, ambalo ni tawi la Shirika la Afya Duniani, lilieleza kwamba theluthi mbili ya wanadamu hawapati huduma ya picha za tiba, na kwamba eksirei na altrasaundi za kawaida zaweza kutatua kiasi cha asilimia 70 hadi 80 ya matatizo yanayohitaji picha. Maana yake ni wazi. Hospitali ya wilaya yenye eksirei nzima na altrasaundi nzima, zikifanya kazi kila siku, imekwisha beba sehemu kubwa ya mzigo. Neno letu zito ni hilo: zikifanya kazi kila siku.

Ili zifanye kazi yapo mambo matano, na moja likikatika yote hukatika, kama mnyororo wa nanga.

La kwanza ni umeme. Mashine ya eksirei hutaka umeme mwingi kwa kitambo kidogo sana, na umeme unaopanda na kushuka huiua. Kununua mashine pasipo kununua chombo cha kuulinda umeme wake, na jenereta pale inapohitajika, ni kumnunulia mtoto viatu vya mguu mmoja.

La pili ni mtaalamu wa mionzi. Huyu ndiye anayempanga mgonjwa, anayepima nguvu ya mionzi na kuhakikisha kwamba picha haikutoka ukungu. Akiwa mmoja tu katika hospitali nzima, basi akiugua, akienda likizo au akienda masomoni, chumba hufungwa. Tena ajali hazichagui saa za ofisi. Mwendesha bodaboda huvunjika mguu saa nane usiku, na mama hutokwa damu siku ya Jumapili. Hospitali yenye mashine saa za asubuhi tu ina nusu ya mashine.

La tatu ni msomaji wa picha. Madaktari bingwa wa mionzi ni wachache, na wengi wao wako katika hospitali kubwa za mijini. Zamani hili lilikuwa kikwazo kizito, kwa kuwa filamu ilisafishwa katika chumba cha giza na kubebwa mkononi ndani ya bahasha. Siku hizi picha ya kidijitali yaweza kutumwa kwa intaneti kutoka wilayani hadi kwa bingwa aliye mbali, na majibu yakarudi siku hiyo hiyo. Zaidi ya hayo, mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikubali programu za kompyuta zitumike kusoma eksirei za kifua katika kuwatafuta wenye kifua kikuu wa umri wa miaka 15 na zaidi. Kompyuta haiwi daktari, na kipimo cha makohozi hakina budi kufuata. Lakini yaweza kusema upesi nani apimwe kwanza.

La nne ni fundi. Kila chombo huharibika. Ajabu ni kwamba wapo watu wanaopanga fedha za kununua na kusahau fedha za kutengeneza. Mkataba wa matengenezo, vipuri, na mhandisi wa vifaa tiba aliyesoma si nyongeza ya mashine. Ni sehemu ya bei yake. Mashine ya msaada isiyo na vipuri nchini ni mgeni asiyejua lugha: tutamkalisha vizuri, lakini hatutaelewana naye.

La tano ni tiba yenyewe. Picha ikionyesha kwamba mfupa umevunjika, iwepo plasta ya kuufunga. Ikionyesha kondo limeziba njia, kiwepo chumba cha upasuaji, damu, na gari la kumwahisha mama. Picha iliyopigwa vizuri, ikasomwa vizuri, kisha mgonjwa akarudishwa nyumbani bila tiba, imemwongezea huzuni tu.

Hapa twapenda kusema neno juu ya mtumishi ambaye mara nyingi hasemwi. Wagonjwa humshukuru daktari na muuguzi, na ni haki yao, lakini mtu wa eksirei hukaa nyuma ya ukuta na jina lake halijulikani. Kazi yake ina hatari. Clarence Dally, fundi wa kufua vioo katika maabara ya Edison huko Marekani, aliichezea mionzi kwa mikono yake miaka kadhaa, watu wakiwa bado hawajajua vizuri madhara yake. Alikatwa mikono, kisha akafa mwaka 1904 akiwa na umri wa miaka 39. Mwaka 1936 mnara ulisimamishwa Hamburg, Ujerumani, wenye majina ya watu 169 wa mataifa mbalimbali waliokufa kwa ajili ya kazi hiyo, na majina mengine yakaongezwa baadaye.

Leo hatari hiyo yaweza kuzuiwa, na kwa hiyo kuiacha ni kosa. Tanzania ina Tume ya Nguvu za Atomu, iliyowekwa kwa Sheria Na. 7 ya mwaka 2003, na kazi yake mojawapo ni kusimamia usalama wa mionzi. Kila mtumishi wa eksirei yampasa kuvaa beji ya kupimia mionzi, na beji hiyo ipelekwe kusomwa kwa wakati. Aproni ya risasi iwepo na isiwe imepasuka. Mlango wa chumba ufungwe. Chama cha wafanyakazi kinachodai mshahara na posho kisisahau kudai beji na aproni, maana mshahara humfaa aliye hai.

Mgonjwa naye asitiwe hofu pasipo sababu. Mionzi hupimwa kwa milisiveti. Ardhi, anga na chakula humpa mwanadamu wa kawaida duniani kiasi cha milisiveti 2.4 kwa mwaka. Eksirei moja ya kifua kwa kawaida haizidi sehemu moja ya kumi ya milisiveti. Lakini CT ya tumbo yaweza kufika milisiveti 8 au 10. Basi ile ya kwanza si ya kuogopwa inapohitajika, na hii ya pili si ya kuombwa kama soda dukani. Yupo mtu anayeona amedharauliwa asipoandikiwa kipimo kikubwa. Huyo aelezwe kwamba daktari anayemwandikia kipimo kidogo kinachotosha amemhurumia mwili wake na mfuko wake.

Tukigusa mfuko tumegusa donda. Tangu mwaka 1993 wananchi huchangia gharama katika hospitali za serikali. Kina mama wajawazito na watoto walio chini ya miaka mitano huhesabiwa katika wanaosamehewa, lakini msamaha ulioandikwa karatasini hauna maana kama dirishani mama huambiwa alete fedha kwanza. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imekusudiwa kuondoa aibu hiyo ya mtu kuuza mbuzi wake ili apigwe picha. Twaitazamia sheria hiyo itimizwe kwa vitendo, tukijua kwamba bima isiyokuta mashine nzima hospitalini ni kadi tu. Na anayechukua chochote kisirisiri ili jina la tajiri litangulie foleni, huyo anauza kisicho chake.

Wajibu hauko upande mmoja. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mchimbaji wa madini ambaye huvuta vumbi la mawe kila siku asingoje kutema damu. Uchunguzi uliofanywa katika nchi nyingi umeonyesha kwamba wengi wa wenye kifua kikuu hawana kikohozi cha kuwatia mashaka. Hao picha ya kifua yaweza kuwagundua kabla hawajaambukiza nyumba nzima. Mama mjamzito awahi kliniki miezi ya mwanzo, na baba amsindikize badala ya kuuliza gharama akiwa kijiweni. Aliyevunjika asikimbilie kukandwa kabla mfupa haujaonekana. Mwanamke anayepelekwa eksirei aseme kama ana mimba. Na kila mtu aitunze picha yake ya zamani, kwa maana daktari akilinganisha ya jana na ya leo huona mengi.

Basi twawaomba wanachama na wafanyakazi walio katika wilaya zao wafanye jambo moja jepesi. Kila halmashauri ina Bodi ya Huduma za Afya, ina madiwani, ina Mganga Mkuu wa Wilaya. Waulizwe, kwa adabu lakini bila woga: mwezi uliopita mashine yetu ilifanya kazi siku ngapi? Ililala siku ngapi, na kwa sababu gani? Watumishi wa mionzi ni wangapi, na beji zao zilisomwa lini? Picha iliyopigwa asubuhi husomwa saa ngapi? Kina mama wangapi walipimwa kabla ya wiki 24? Majibu hayo yabandikwe ubaoni hospitalini, kila mwenye kujua kusoma ayasome. Kiongozi anayefanya kazi yake vizuri hatakasirika kuulizwa, bali atafurahi kuwa na mashahidi.

Hesabu ya afya ya wilaya isiwe idadi ya mashine zilizopokewa, bali idadi ya watu waliotoka na majibu na wakapata tiba. Mashine zimekuja na nyingine zitakuja. Kuzifanya zifanye kazi, usiku na mchana, kwa mkulima kama kwa waziri, hiyo ni kazi yetu sote.